King'ora Hakilii Jumapili

"Mimba hii ina miezi mingapi?"

Swali hilo ndilo tulilomwachia Pindo Jumamosi iliyopita. Alikuwa bafuni, kichwa kimejaa povu la sabuni, na mama mkwe wake amesimama mlangoni ameishika sketi ya bluu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota barua isiyo yake.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: Pindo ni fundi katika kiwanda cha kushona sare. Wanamwita Pindo kwa sababu kwa miaka mitatu kazi yake imekuwa moja tu, kukunja pindo la suruali na kulipitisha kwenye cherehani. Ana mume, fundi wa mafriji. Ana mtoto wa miezi minane. Na ana siri, kaificha ndani ya kopo la nyuzi.

Siri yenyewe ni vidonge vya kupanga uzazi, karatasi tatu. Mumewe anaijua. Walikubaliana wenyewe chumbani wapumzike miaka miwili, maana uzazi wa kwanza ulimlaza Pindo hospitali majuma matatu. Asiyepaswa kuijua ni mwenye nyumba, ambaye alishatangaza mezani, mbele ya wali, kwamba chini ya bati lake hakuna tumbo litakalopigwa kufuli.

Mwenye nyumba ndiye huyu aliyeshika sketi.

Sketi ilikuwa na doa. Doa dogo, la kahawia, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Si mimba, mama," alisema Pindo.

"Umejuaje?"

Swali zuri. Jibu lake lilikuwa kwenye kopo la nyuzi.

"Najisikia tu."

"Mimi nimezaa watano, sikuwahi kujisikia tu." Mama mkwe akaigeuza sketi upande wa pili, kama vile doa lingekuwa na maelezo kwa nyuma. "Damu ilikuja tarehe tatu. Nikanyamaza. Ikaja tarehe kumi na mbili. Nikanyamaza. Leo tarehe ishirini, hii hapa. Mwanamke gani ana mwezi mara tatu kwa mwezi mmoja?"

"Mama, kumbe unanihesabia?"

"Sihesabu. Mimi ndiye ninayeanua nguo. Kamba haina siri." Akaitundika sketi kwenye msumari. "Hiyo ni mimba inataka kutoka. Kalale, miguu juu ya mto."

"Nina povu kichwani."

"Suuza, kisha ulale."

Kabla povu halijaisha, Pindo alimsikia uani akipiga simu. Mama mkwe ana sauti moja tu ya simu, ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Haloo! Baba! Uko wapi? Ndani ya friji? Toka. Mkeo ana mimba na inataka kutoka. Nampeleka zahanati. Njoo!"

Majirani wa pande zote mbili wakazima redio.

Sasa tuseme ukweli. Pindo alisema si mimba, lakini moyoni hakuwa na hakika hata ya nusu. Kwa wiki mbili alikuwa akijiuliza swali moja kila akiingia chooni: kama vidonge vinafanya kazi, hii damu inatoka wapi? Na kama havifanyi kazi, huko ndani kuna nini?

Kiwandani alimuuliza mwenzake mmoja, yule anayeshona vifungo. Mshona vifungo akajibu pasipo kuinua macho.

"Vinakwangua. Kidonge kinakwangua mji wa mimba kama sufuria iliyoungua. Siku moja utakuta pametoboka."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

Tangu siku hiyo Pindo alikuwa akiitoa karatasi ya vidonge, anaitazama, anatazama pipa la taka, anairudisha mkobani, na jioni ndani ya kopo.

Na lilikuwepo jambo la Jumatatu. Jumatatu iliyokuwa inakuja, baada ya miaka mitatu ya pindo, Pindo alitakiwa kuanza mafunzo kwenye meza ya kukata. Kati ya mafundi arobaini, msimamizi alikuwa amechagua mmoja. Meza ya kukata ni saa nane wima, kisu cha umeme mkononi, na kanuni yake imebandikwa ukutani: mjamzito haruhusiwi. Akikosa Jumatatu, nafasi inakwenda kwa mshona vifungo, na mwingine hachaguliwi mpaka mwaka upite.

Kwa hiyo mama mkwe aliposema wanakwenda zahanati, Pindo hakubisha. Alimpeleka mtoto kwa jirani, akalifungua kopo la nyuzi, akazitia karatasi zote tatu chini kabisa ya mkoba, akafunika kwa leso.

Kilichomshangaza ni kimoja. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Vile vyeusi, vya kwenda kwa watu wazito.

"Mama, si lazima uje. Jua kali."

"Nakuja."

"Foleni itakuwa ndefu."

"Nitakaa."

Foleni haikuwa ndefu. Kulikuwa na benchi la mbao, mwanamume aliyefungwa bandeji kidole gumba, na mlango ulioandikwa UZAZI NA MAM kwa rangi ya bluu iliyoisha kabla ya herufi ya mwisho.

Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Mama mkwe akaingia wa kwanza, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Mgonjwa nani?" aliuliza nesi.

"Huyu hapa."

"Basi kiti umekikalia wewe kwa nini?"

"Mimi ni mama yake mumewe. Ana mimba inataka kutoka. Imeanza tarehe tatu, ikaja tarehe kumi na…"

"Mama, nje kuna benchi."

"Niko sawa hapa."

"Benchi liko sawa zaidi."

Mama mkwe akainuka taratibu, akatoka. Nesi akaufunga mlango kwa komeo, akafungua daftari.

"Haya, dada. Wewe mwenyewe unasema nini?"

Pindo akaufungua mkoba, akaondoa leso, akazipanga karatasi tatu juu ya meza. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, bila sauti na bila sababu aliyoweza kuitaja.

Nesi akamsogezea pamba. "Lia, mimi naandika. Ulianza lini?"

"Mwezi wa pili huu."

"Unanyonyesha?"

"Ndiyo."

"Unavimeza kila siku?"

"Kila siku. Sijakosa hata kimoja."

"Saa ile ile?"

"Saa ile ile. Yule wa dirisha la dawa aliniambia nisitegemee kichwa, nichague kitu kisichokosa. Nikachagua king'ora cha kiwanda. Kikilia cha kuingia kazini, nameza."

"Vizuri sana. Kinalia saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

Nesi akaandika: saa moja asubuhi.

"Wiki hii," Pindo akaongeza.

Kalamu ikasimama. "Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo nina zamu ya mchana. Kinalia saa nane."

Nesi akaifuta saa moja asubuhi.

"Halafu wiki inayofuata?"

"Tunarudi asubuhi. Zamu zinapokezana."

"Na Jumapili?"

"Jumapili king'ora hakilii."

"Hilo nimelielewa. Kidonge je?"

Pindo akafikiri. "Cha Jumapili huwa nakikumbuka Jumatatu. King'ora kikilia. Basi nameza viwili."

Nesi akaivua miwani, akaifuta kwa shuka la kitanda cha kupimia, akaivaa tena. Pindo alikuwa yule yule.

"Kwa hiyo ni kweli hujakosa hata kidonge kimoja."

"Hata kimoja."

"Ulichokosa ni saa tu."

"Kumbe saa nayo inahesabika? Mimi nilidhani siku."

"Sikiliza, mwanangu. Hivi ni vidonge vya mama anayenyonyesha. Ni vyepesi. Nguvu yake ni ya siku moja, kama chaji ya simu kuukuu. Ukichelewa zaidi ya saa tatu vinaanza kulegea. Ule utando wa ndani ya mji wa mimba unakosa amri moja, unamwaga kidogo. Kesho unapata amri, unatulia. Keshokutwa unamwaga tena. Ndiyo matone yako hayo. Wewe wiki hii unauamsha saa moja, wiki ile saa nane, Jumapili unausahau. Hata mimi ningevuja."

"Kwa hiyo havikwangui?"

"Vikwangue nini? Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Huyo namjua, anakuja hapa kila siku." Nesi akageuza ukurasa. "Tumbo linauma?"

"Hapana."

"Damu ni nyingi kama ya hedhi yenyewe?"

"Matone tu. Doa."

"Inatoka ukishakutana na mumeo?"

Pindo akautazama mlango. "Hapana."

"Kuna dawa nyingine yoyote unayomeza?"

"Hakuna."

"Sawa. Hata anayemeza kwa saa yake barabara anaweza kuona matone miezi mitatu ya mwanzo. Mwili unazoea. Ikizidi hapo, au ikawa nyingi, au ikaja na maumivu, unarudi hapa bila kusubiri mtu akuonee kwenye kamba. Lakini kwa mchezo huu wako wa king'ora, hatuwezi kuondoka bila kupima." Akamkabidhi kikombe cha plastiki. "Choo kiko hapo nyuma ya pazia."

Dakika tano, wasomaji wangu. Aliyewahi kuzisubiri anazijua, na asiyewahi sitaweza kumweleza. Kipimo kilikuwa kijiti cheupe, chembamba kuliko kalamu. Mstari mmoja, hakuna kitu. Mistari miwili, kipo.

Mstari wa kwanza ukaja upesi, kama mgeni mwenye njaa.

Pindo akaiona meza ya kukata. Akamwona mshona vifungo na kisu cha umeme. Akajiona tena kwenye kile kitanda cha majuma matatu, mumewe ameketi sakafuni ameegemea ukuta, ana bisibisi mfukoni na hana la kutengeneza.

"Muda umeisha," alisema nesi. "Mmoja. Huna mimba."

"Huo wa pili hauwezi kuchelewa?"

"Hauji. Ungekuwa njiani ungeshafika."

Pindo akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na pua nayo ikaingia kati. Nesi akasogeza pamba iliyobaki.

"Nisiviache, basi?"

"Ukiviacha utazaa. Kuanzia leo achana na king'ora, chagua saa. Saa tatu usiku, saa kumi na mbili asubuhi, mimi sina upendeleo. Weka kengele kwenye simu, na Jumapili ilie. Siku mbili za mwanzo mwambie mumeo avae kondomu. Na hizi karatasi zako…"

Nesi alikuwa ameishika karatasi ya tatu.

"Hii umeianza lini?"

"Hiyo bado. Niko ya pili."

"Hujaigusa?"

"Kamwe. Imekaa ndani ya kopo."

Nesi akaigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Nuru ikapenya kwenye vitundu vinne.

"Dada," alisema nesi, "kwenu nani mwingine anavimeza?"

Kabla Pindo hajafungua kinywa, mlango ukagongwa. Haukugongwa kwa mkono. Kilikuwa kishindo cha mtu aliyekuwa ameuegemea kwa muda mrefu, kisha mguu ukamchoka.

Nesi akaondoa komeo.

Mama mkwe aliingia akiwa wima, ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Sikio la kulia lilikuwa na alama ya ubao.

"Mimi nina swali dogo," alisema. "Si langu. La mtu."

"Karibu na swali la mtu," alisema nesi.

"Huyo mtu, kama anameza siku moja moja tu. Si kila siku."

"Siku zipi?"

"Siku zenye haja."

"Haja ipi?"

Mama mkwe akaangalia dari. "Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini?"

"Kuna mpima ardhi."

Pindo alikuwa akimjua mpima ardhi yule. Alikuja kuonyesha mpaka wa kiwanja kilicho nyuma ya nyumba, kiwanja ambacho mbuzi hukimaliza kwa hatua kumi. Alhamisi ya kwanza alikuja na futi kamba. Alhamisi zilizofuata Pindo alikuwa kazini, na hakuwahi kujua kwamba kipimo kinaendelea.

"Mama," alisema taratibu, "kumbe vidonge ulijua?"

"Wewe unadhani nani anafagia chumba chako?" Sauti ya simu haikuwepo. Hii ilikuwa ndogo, na Pindo hakuwahi kuisikia kabla. "Nikasema, kama kinamfaa yeye, mimi kitanidhuru nini? Kichwa kikiuma unameza siku kinapouma. Sasa mwezi wa pili huu sioni kitu. Nikasema labda nimekoma. Nina miaka arobaini na sita, nina haki ya kukoma. Lakini asubuhi harufu ya mafuta inanitoa nje. Niliogopa kuja peke yangu. Nikasema nikikuleta wewe, utakayoambiwa wewe na mimi nitayasikia."

"Ndiyo maana ukasema nina mimba?"

"Ilibidi mmoja wetu awe nayo."

Pindo alitaka kukasirika. Alikuwa na kila sababu, nyingine bado ilikuwa imetundikwa kwenye msumari bafuni. Lakini mikono iliyoishika pochi ile ndiyo iliyomwogesha mtoto wake wakati yeye mwenyewe hawezi hata kukaa. Akavuta kiti.

"Kaa, mama."

Komeo likarudi. Kikombe cha pili. Pazia. Kijiti cha pili kikawekwa mezani pembeni ya kile cha kwanza. Safari hii walisubiri watatu.

Mstari wa kwanza ukaja.

Wa pili ukaja nyuma yake, bila haraka, mwekundu kama uzi wa kutia nakshi.

"Kipo," alisema nesi, akaandika.

Mama mkwe hakulia. Aliitazama mistari miwili kama anayetazama nguo za jirani kwenye kamba yake mwenyewe.

"Usimwambie mwanangu," alimnong'oneza Pindo. "Si leo. Nakuomba, mama."

Pindo akamshika mkono. "Simwambii."

Hapo mlango ukatikisika, na sauti ya mumewe, Fundi Friji, ikaingia kwa tundu la komeo, inahema kama mtu aliyekimbia toka mjini na kisanduku cha zana begani.

"Mke wangu! Uko humo? Jamani, ni mimba au si mimba?"

Wanawake wawili wakatazamana. Pindo akavuta pumzi ajibu. Mama mkwe akamtangulia, na ile sauti ya simu ilikuwa imerudi.

"Ni mimba, baba! Ya mkeo! Ameambiwa apumzike!"

Nje, kisanduku cha zana kikatua chini.

"Lakini mama, yeye si anameza…" Akakumbuka anaongea na nani. "Haya. Basi nampigia msimamizi wake sasa hivi. Nitamwambia Jumatatu asimweke kwenye meza ya kukata."

"Mama!" alisema Pindo.

"Ni siku chache tu," alinong'ona mama mkwe. "Baadaye tutasema imetoka."

Nesi akaweka kalamu chini. "Hilo," alisema, "sina safu ya kuliandika."

Nje, vitufe vya simu vilikuwa vinalia kimoja kimoja. Miaka mitatu ya pindo ilikuwa inaondoka, tarakimu kwa tarakimu. Pindo alikuwa ameahidi kutomsema mama mkwe, na ahadi ataitunza. Lakini hakuwa ameahidi kubeba mimba. Anachotakiwa kuonyesha ni chake tu, mstari wake mmoja, na mengine yabaki chumbani.

Akanyakua kijiti mezani, akaondoa komeo, akafungua mlango.

"Kata simu," alimwambia mumewe. "Tazama mwenyewe."

Fundi Friji akakata simu. Akakipokea kijiti kwa mikono yenye grisi, akakisogeza karibu na macho kama anavyosogeza fyuzi iliyoungua. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuhesabu moja.

"Miwili," alisema.

Pindo akanyoosha shingo akitazame. Nyuma yake, nesi, mwanamke anayependa kumbukumbu zikae sawa, alizungumza bila kuinua kichwa kwenye daftari.

"Dada, rudisha hicho. Hicho si chako."

Fundi Friji akainua macho kwenye kijiti. Akamtazama mkewe, kisha akachungulia juu ya bega lake, ndani ya chumba, ambamo mbali na nesi alikuwa amebaki mwanamke mmoja tu, amevaa viatu vyeusi vya kutokea.